Fundo la Pili la Abdulswamad Mikidadi

Ndugu zetu, majirani na wageni mliopanda hadi Bigwa leo Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, aliyelala mbele yenu ni Abdulswamad Mikidadi. Wengi mlimwita Samadi, na wengine mlimfahamu kwenye simu zenu tu, kwa jina la Samadi wa Milimani. Maneno haya yameandikwa na dada yake wa tumbo moja, Mwanvita, na ndiye anayeyasoma. Shehe amempa robo saa. Mwanvita hajawahi kumaliza hata salamu kwa robo saa, lakini kwa heshima ya maiti atajitahidi.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Bigwa, Jumapili ya tarehe 14 Agosti 1983, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Mikidadi na Bi Mwanaasha, ambaye Mungu amempa umri wa kumzika mwanawe. Siku hiyo Mwanvita, akiwa na miaka minne, alitumwa kijitoni kuchota maji kwa kopo ili tu asiwepo nyumbani. Aliporudi alimkuta mdogo wake keshafika, na mpaka leo analalamika kwamba maji yale hayakutumika.

Samadi alikuwa mtoto mchangamfu mwenye ila moja: hakujua kujificha. Watoto wa hapa wakicheza kombolela, wenzake walijibanza migombani wakanyamaza. Yeye alijibanza akaanza kucheka. Kicheko kilimpanda kabla anayetafuta hajamaliza kuhesabu, na kikawaponza wote waliokuwa karibu naye. Mwishowe walimkataa kabisa. "Wewe Samadi kajifiche na kuku," walimwambia. Jambo hili ni dogo, lakini likumbukeni, kwa sababu mama yake alilikumbuka wakati watu wenye akili na elimu zao walikuwa wanasema mengine.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1991, akamaliza la saba mwaka 1997, kisha akasoma sekondari mjini Morogoro kuanzia 1998 hadi 2001. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia aliwaagiza wachore ramani ya mkoa. Samadi akachora njia itokayo nyuma ya nyumba hii hadi kilele cha Lupanga, kijito kwa kijito, jiwe kwa jiwe, mpaka mahali penye siafu. Alipewa sifuri. Mzee Mikidadi, ambaye hakujua kusoma, aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akasema, "Hii ndiyo njia yenyewe," akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Ilikaa pale hadi mzee alipofariki mwaka 2003.

Kuanzia mwaka 2002 marehemu alifanya kibarua cha kupandisha dizeli ya majenereta kwenye minara ya mawasiliano ya kilele cha Bondwa, dumu la lita ishirini begani. Tarehe 3 Novemba 2006 aliteleza kwenye tope akiwa na dumu lake, akavunjika mguu wa kushoto chini ya goti. Madaktari walimwekea kipande cha chuma chenye skrubu sita, na tangu hapo akawa anachechemea. Sisi nyumbani tulimshukuru Mungu, tukidhani mlima umemwachisha wenyewe. Mwaka 2008 akaanza kuongoza wageni huko huko, na mwaka 2014 akaanza kujirekodi na kuwaonyesha watu safari zake. Aliufuata mto Ngerengere kwa miguu tangu unapoanzia huku milimani mpaka unapoingia Ruvu. Alipokaribia mji wa Ngerengere, walinzi wa kambi ya jeshi walimsimamisha wakamuuliza anatafuta nini. Akawajibu, "Mto." Walimketisha mchana kutwa, wakampa ugali na maharage, wakamwelekeza apite ng'ambo ya pili. Safari ile ndiyo iliyompa jina.

Alikuwa na desturi yake moja ya kazi, na leo hatuwezi kumzika bila kuieleza. Mama yake alikuwa na turubai kuukuu la buluu alilokuwa akianikia mpunga. Samadi alilikata likawa tepe nyembamba. Akipita msituni alifunga utepe kwenye tawi, fundo moja. Akirudi kwa njia ile ile, alifunga fundo la pili juu ya lile la kwanza. Alitueleza haya kila tulipokaa kula, mpaka tukachoka. "Fundo moja nimepita, mafundo mawili nimerudi," alisema. "Ukungu ukishuka huna macho, una vidole tu." Utepe wa kwanza wa kila safari aliufunga kwenye mpera ulio nyuma ya nyumba hii. Akirudi, fundo la pili la mperani hakulifunga yeye. Alimwachia binti yake.

Tarehe 18 Julai 2009 marehemu alimuoa Sabra Abdulatif, fundi cherehani wa Mwembesongo. Walikutana kwa ajili ya begi. Samadi alilipeleka libadilishwe zipu, likabadilishwa. Wiki ya pili zipu ikaharibika tena, na ya tatu tena. Sabra akaikagua, akamrudishia begi lake. "Kaka, zipu hii inakatwa kwa wembe," alimwambia. "Sema unachotaka." Akasema. Mungu aliwajaalia mtoto mmoja, Zahida, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 2011.

Hapa ndipo panapoelezwa ugonjwa. Marehemu hakuugua. Tuliougua ni sisi, na ugonjwa wetu ulikuwa wa maneno.

Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2018, saa kumi na mbili asubuhi, Samadi alifunga utepe wake mperani, akapanda peke yake kwenda uwanda wa Lukwangule, huko juu kabisa milimani, na kurudi kwa njia ile ile. Alitarajiwa Alhamisi tarehe 12. Ilikuwa masika. Sabra alimsihi asubiri mvua ikatike, akamjibu kwamba mvua ikikatika kila mtu anapanda. Mwanvita hatamsafisha ndugu yake kwa hilo. Ulikuwa ubishi, na ulitugharimu yeye.

Alhamisi ikapita. Ijumaa vijana wa Bigwa walipanda pamoja na askari wa msitu. Walizifuata tepe za buluu, zote zina fundo moja, mwendo wa siku nzima, mpaka mahali ambapo mlima ulikuwa umeporomoka na kuondoka na miti, udongo na njia. Ng'ambo ya poromoko hakuna aliyeweza kuvuka. Mvua haikutoa nafasi, na tarehe 24 Aprili msako ulisimamishwa. Basi ikasemwa kwamba tepe zimeishia pale kwa sababu mwenyewe aliacha kuzifunga.

Mjomba wetu, marehemu mzee Mwinshehe, aliamua kifanyike kisomo Jumapili tarehe 13 Mei, kabla Ramadhani haijaingia, kwa kuwa mama alikuwa hali wala halali. Siku hiyo alikuja Twalibu, mtani wa ukoo wetu, kama alivyokuja kwenye misiba yetu yote, na kama baba yake alivyokuja kabla yake. Nyie wa huku hamna haja ya kuelezwa. Mtani humvaa marehemu, humsema, huwachekesha waliochoka kulia, na msiba usio na mtani ni msiba uliopungukiwa. Twalibu alimwendea Mwanvita akamwambia, "Nipe koti la huyo mchechemeaji." Mwanvita akaingia ndani akamtolea koti la kahawia la Samadi, na begi lake la zamani.

Twalibu alitoka mlango wa mbele akiwa amevaa koti, kofia imeshuka machoni, mguu wa kushoto anauburuta vilevile kabisa. Akasimama mbele ya masufuria. "Mnanililia na mimi nina njaa?" akasema. "Nilijificha kidogo tu niwaone mnavyonipenda. Nipakulieni pilau, na nyama iwe ya paja." Watu walicheka huku wakilia. Bi Mwanaasha alicheka kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe.

Mgeni mmoja, ambaye mpaka leo hatumjui, alikuwa ameinua simu. Akarekodi sekunde kumi na tisa: koti, mguu, "nilijificha kidogo tu", na mama mzazi anampakulia pilau. Vicheko vilikatwa, maturubai yalikatwa, jamvi la wasomaji likakatwa. Kesho yake video ilikuwa imeandikwa: MPANDA MILIMA ALIYEPOTEA ANASWA KWAKE AKILA PILAU. Kufika Jumatano ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko walioishi Morogoro yote.

Kuanzia hapo Samadi hakuwa maiti tena wala mtu hai. Alikuwa stori. Mara ameonekana Dubai na mwanamke wa Kizungu, mara anaendesha lori Tunduma, mara alijipoteza makusudi ili atafutiwe jina. Waliokuja na vipaza sauti walisimama mlangoni kwa Sabra wakamuuliza, "Dada, mume uko naye ndani?" Twalibu alijipeleka mwenyewe mbele ya kamera akaeleza kwamba yule ni yeye, yeye ni mtani, na ile ndiyo kazi yake. Wakasema amepangwa. Akachechemea mbele yao ili waone. Wakasema amefundishwa vizuri.

Wapo waliosimama nasi, na lazima tuwataje. Mzee Harshad, mwenye duka mjini ambako Samadi alinunua vifaa vyake, alibandika picha ya kumtafuta kwenye mlango wa duka, na ilipopauka akabandika nyingine, miaka yote hii. Mteja akimwambia kwamba mtu wake yuko Dubai, Mzee Harshad alimjibu, "Alinunua kwangu kamba ya mita ishirini. Mtu wa Dubai afanye nini na kamba?" Naye Bi Mwanaasha, alipoelekezewa kipaza sauti, alisema maneno machache tu. "Mwanangu hajui kujificha. Angekuwa hai mngesikia kicheko." Walicheka wao, wakaondoka.

Sasa Mwanvita ana jambo lake la kusema, na analisema hapa kwa sababu alilolifanya lilikuwa wazi mbele ya mtaa mzima. Yeye aliamini. Yeye aliyetoa koti kwa mkono wake, aliyejua nani alikuwa ndani ya koti lile, naye aliamini. Uvumi ukisemwa na watu laki mbili unaanza kujiona mjinga wewe uliyekuwepo. Mwezi Februari 2019 mtu alipiga simu kwamba Samadi yuko Tunduma, anachechemea, anacheka ovyo. Mwanvita alikwenda kwa Sabra amwambie wafuatane.

"Siendi, wifi," Sabra alimwambia.

"Humtaki mumeo?"

"Akiwa hai ana mdomo, ataniita. Asiponiita, namngoja alikoniambia anakwenda. Hakuniambia Tunduma."

Mwanvita alikwenda peke yake. Alimkuta mchechemeaji, mtu mpole wa Mbozi, aliyemnunulia chai na kumpa pole. Alirudi na hasira, na kwa kuwa hasira haikuwa na pa kukaa, aliipeleka kwa Sabra. Alisema mbele ya watu kwamba mwanamke asiyemtafuta mumewe anajua aliko. Hakumpa salamu miaka mitano na miezi kumi na mmoja. Zahida alimpita shangazi yake njiani, akamwamkia "Shikamoo shangazi" kwa adabu alizofundishwa na mama yake, na shangazi aliitikia huku akitazama pembeni. Mwanvita alipouona utepe wa buluu bado uko mperani, na Sabra hamruhusu mtu kuufungua, alisema ni maigizo.

Na Twalibu akaacha utani. Alikuja misibani akakaa nyuma kabisa, akala akaondoka. Mjomba Mwinshehe alipofariki mwaka 2021, mzee aliyependa mzaha kuliko chakula, tulimzika kimya kama mtu asiye na watani. Hakuna aliyemwambia Twalibu ainuke. Tulimwogopa, naye alijiogopa.

Tarehe 22 Januari mwaka huu askari wa msitu aitwaye Yohana, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa doria na mwenzake kwenye korongo lililo chini ya lile poromoko la 2018. Maji yalikuwa yamechimba udongo. Wakaona soli ya buti, kisha kamba, kisha yaliyobaki ya ndugu yetu. Kwenye mfupa wa mguu wa kushoto kilikuwemo kipande cha chuma chenye skrubu sita. Yalichukuliwa mate ya Bi Mwanaasha kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, na majibu yakaja tarehe 21 Julai. Ni yeye. Kwa maelezo ya wataalamu, alifariki katika siku zile zile za Aprili 2018, mlima ulipoporomoka.

Lakini Januari ile ile Yohana alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya. Alikuwa amesikia habari za tepe. Akazunguka akapanda hadi ng'ambo ya poromoko, kule ambako wenzetu hawakuweza kuvuka mwaka ule, akapekua matawi kwa siku mbili. Alizikuta tepe tisa, zimepauka lakini ni turubai, haziozi. Alizikata bila kufungua mafundo, akaja nazo hadi hapa kwenye mfuko, akaziweka mezani mbele ya Sabra, mama na Mwanvita.

"Mama, shikamoo," alimwambia Bi Mwanaasha. "Mimi sijui maana yake. Nimeona tu zote zina mafundo mawili."

Mama alizigusa moja moja kwa vidole, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Kisha akasema, "Alikuwa anarudi."

Ndugu zangu, ng'ambo ya poromoko mafundo ni mawili. Upande huu, kutoka poromoko mpaka nyumbani, fundo ni moja. Abdulswamad Mikidadi alifika Lukwangule, akageuka, akawa anarudi kwa mkewe na mwanawe kwa njia ile ile aliyosema, akifunga fundo lake la pili kwenye kila utepe, na alikuwa amebakiza mwendo wa siku moja. Hakukimbia. Hakujificha. Hakumwacha mtu. Waliosema, wamesema. Sisi tunazo tepe tisa.

Siku ile ile Mwanvita alipiga magoti jikoni kwa Sabra, kwenye maganda ya vitunguu. Sabra aliendelea kumenya kwa muda. Halafu akamsogezea kisu. "Nisaidie hivi, wifi," akasema, "vinaniumiza macho." Wakamenya pamoja, na hapakuwa na haja ya vitunguu kulaumiwa.

Shehe amemweleza Sabra kwamba eda yake kisheria ilikwisha zamani. Ilihesabika yenyewe tangu siku ya kifo, miezi minne na siku kumi za mwaka 2018, wakati yeye anahojiwa mlangoni. Sabra mwenyewe ameomba hata hivyo akae ndani siku tatu, atembelewe na wanawake wenzake, apewe pole kama wanavyopewa wajane wengine. Wanawake mliokuwa hamumpi mkono, mlango wake uko wazi kuanzia leo jioni.

Marehemu amemwacha mama yake, Bi Mwanaasha, mkewe, Sabra, binti yake, Zahida, mwenye miaka kumi na minne na kicheko cha baba yake, na dada yake, Mwanvita. Amemwacha pia mtani wake, Twalibu. Twalibu, uko nyuma kabisa karibu na matenki ya maji, Mwanvita anakuona. Koti la kahawia alilifungia sandukuni miaka saba kana kwamba ndilo lenye kosa. Leo ameliosha na kulipiga pasi, na limewekwa kwenye kiti cha mbele. Hakuna aliyelikalia. Ukoo huu unakuomba uje ulivae, tumechoka kuzikana kimya. Mwenye kutaka kurekodi arekodi, ila asikate.

Jeneza likiinuliwa halitapita mlango wa mbele moja kwa moja. Mtaona ni jepesi, msitazamane. Litazungushwa nyuma ya nyumba na kusimamishwa chini ya mpera. Shehe aliuliza kama hilo ni mambo ya uganga, tukamweleza kwamba ni alama ya njia tu, akasema njia haina ubaya. Utepe wa tarehe 7 Aprili 2018 bado uko pale, una fundo moja. Zahida alikuwa halifikii tawi lile mpaka ainuliwe na baba yake. Sasa analifikia mwenyewe.

Atafunga la pili, na tutakwenda makaburini. Mwenyezi Mungu amrehemu Abdulswamad Mikidadi, aipumzishe miguu yake yote miwili, wa nyama na wa chuma. Amerudi nyumbani.